Meno Thelathini na Moja ya Mpiga Tarumbeta

Nimestaafu wiki sita tu zilizopita, na tayari nasikia mmeanza kuanika glavu juani. Ndiyo maana naandika. Kocha Deo aliniomba niwaachie ukurasa mmoja wa maelekezo juu ya kuchagua mavazi na vifaa vya kinga. Ukurasa mmoja hautoshi hata kwa soksi. Isitoshe, mimi ndiye mtu wa kwanza kati ya Kasulu na Kibondo kuwa na stashahada ya ufundi wa ngozi, na kama yupo aliyenitangulia, aje na cheti chake tulinganishe mihuri. Siku hizi nikiyasema haya kwa mdomo watu hucheka, kwa kuwa neno "stashahada" linanitoka na mluzi. Sababu ya mluzi huo mtaikuta mbele.

Vyeo sitavitaja. Katika klabu ya watu kumi na wanne kila mtu ana cheo, hata anayefagia ni katibu wa mazingira.

Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi na sufuria mbili, wakalima Nyakitonto, wakafa wakiwa raia. Hakuna aliyenisomesha. Tangu darasa la tano nilishona viatu vya wenzangu, na chuo cha ngozi kule Mwanza nilijilipia kwa soli za watu. Nilirudi Kasulu nikiwa na cherehani ya kushonea ngozi, suti moja, na stashahada ndani ya fremu. Nilidhani mji utasimama. Mji uliendelea kuuza mihogo.

Nilipanga kibanda sokoni, jirani na Bwana Athumani, muuza mitumba mwenye asili ya Tanga. Huyu ndiye mwalimu wangu, ingawa ilinichukua miaka mingi kukiri. Hakuwa na cheti cha kitu chochote. Alijua nguo kwa vidole na kwa pua. Siku yangu ya kwanza sokoni aliniona nikiikagua glavu kuukuu ya ngumi kwa rula, akaniuliza nafanya nini.

"Napima unene wa ngozi," nikamjibu. "Kitaalamu."

"Hebu inuse."

"Kwa nini niinuse?"

"Wewe bwana, diploma yako haina pua? Hiyo imeoza ndani. Atakayeivaa atatoka upele mpaka kwenye kiwiko."

Nikainusa. Machozi yakanitoka. Mpaka leo, kabla hujaangalia mshono wa glavu, tia pua ndani. Chuoni hawakutufundisha hilo.

Kocha Deo alinifuata mwaka huohuo. Alikuwa ameanzisha klabu ya kikiboksi, mchezo wa ngumi na mateke, kwenye ghala la mahindi lisilo na mahindi, akasikia kuna msomi wa ngozi. Nilikwenda nikiwa nimevaa suti. Sitaisahau siku ile. Kijana mmoja alikuwa na suruali ya jinzi, kila akirusha teke anaruka mwili mzima kwa sababu goti halikunjiki. Mwingine amevaa kinga za ugoko za mpira wa miguu, zile za plastiki ngumu, na kila akipiga, mwenzake analia. Wa tatu alikuwa na glavu nene za bluu zenye manyoya ndani, akizisifu kwa ulaini. Nikasoma lebo. Zilikuwa za kuchezea kwenye theluji.

"Fundi, unatuonaje?" Kocha Deo akaniuliza.

"Nawaona kama robota la mitumba lililofunguliwa na upepo," nikamjibu.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza.

Tuanze na bukta. Ivae, kisha pandisha goti mpaka kifuani. Ikikubana pajani, rudisha. Iwe na mpasuko pembeni na kiuno cha lastiki, si kifungo wala zipu, maana zipu ikikutana na ugoko wa mtu mnamaliza mazoezi zahanati. Na isiwe na mfuko, kidole gumba kitanasa humo. Juu ya hili nimegombana na kila kizazi.

"Oya Fundi, sasa simu naweka wapi?"

"Nyumbani."

"Fundi, unaharibu pozi."

"Pozi litakuwepo. Kidole ndicho hakitakuwepo."

Bandeji ya mkono ni ya pamba, ndefu, na inazungushwa kabla ya glavu kila siku, hata siku unayosema unajifanyia mazoezi mepesi. Kofia ya kinga ivae na utikise kichwa kama mtu anayekataa kula kiporo. Ikihama ikafunika jicho, si yako. Glavu zikilowa, zijaze magazeti makavu, uzitundike kivulini penye upepo. Jua la Agosti hupasua ngozi kama kisigino cha mkulima. Kinga za ugoko ziwe na sponji inayoshuka mpaka juu ya wayo. Sponji nilikuwa nainunua sokoni karibu na kambi ya Nyarugusu, kwa Mkongo mmoja aliyenihakikishia kila mara, "Papa, hii ni bon kalite, haitakuletea probleme." Kweli haikuniletea. Tatizo, kama mtakavyoona, lilikuwa uzi.

Kuhusu kinga ya nyeti, nitasema mara moja kwa sababu kuna kina mama watakaosoma. Ile ya kwanza katika wilaya hii niliikuta sokoni. Mama mmoja alikuwa akiitumia kupimia dagaa. Ilitoka kwenye robota, naye akaona ni kikombe kizuri kisichovunjika. Nilisimama pale nikifikiria nimwambie nini, na wateja wako kwenye foleni. Mwishowe nikampelekea kikombe kipya cha bati tukabadilishana. Aliniona mjinga. Wateja nao walilalamika kwa wiki nzima kwamba kipimo kipya ni kidogo.

Sasa nije kwenye meno, maana ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Nilipoanza, klabu ilikuwa na kinga ya meno moja. Moja kwa watu wote. Anayepanda anaivaa, anayeshuka anaitema, mwenzake anaisuuza kwenye ndoo na kuitia mdomoni. Nilipopiga kelele walinishangaa. Kwetu pombe ya mtama huwekwa katikati na mrija, umuheha, huzunguka mdomo kwa mdomo. Ukiukataa mrija wa mwenzako umemwita mchawi mbele ya watu. Vijana wale walikuwa wameokoka na pombe hawainywi, lakini adabu ya mrija walikuwa nayo kamili. Niliwaeleza kwamba kinga ya meno ni kama mswaki. Mmoja akanijibu kwamba kwao na mswaki ulikuwa mmoja.

Basi nikaagiza Dar es Salaam zile zinazolainika kwa moto, kila mtu na yake. Zinakuja ngumu kama kwato. Unaitumbukiza kwenye maji ya moto kwa muda wa Baba Yetu moja isiyo ya haraka, au Alhamdu mbili, kama alivyonisahihisha Bwana Athumani. Unaichovya kidogo kwenye maji ya baridi, unaiweka kwenye meno ya juu, unauma, unafyonza hewa yote, unabonyeza midomo kwa vidole. Ukiachama isianguke. Ikianguka, umevaa pambo.

Nestori alijiunga mwaka uliofuata. Alikuwa na miaka ishirini, mkulima wa Nyakitonto, miguu mirefu, mpole kupita kiasi kwa mtu anayelipa ada ili apigwe. Tena alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa lao, na tarumbeta lilikuwa moja na mpigaji mmoja. Asiyejua tarumbeta aniulize mimi: linapigwa kwa midomo iliyoegemea meno ya mbele. Jino la mbele likitoka, kinachobaki ni upepo.

Mama yake alijua. Alikuja ghalani amevaa kitenge cha ibada, akasimama katikati ya mazoezi, akauliza ni nani anayehusika na vifaa. Wote wakaninyooshea mkono kwa kasi niliyotamani waionyeshe ulingoni.

"Wewe ndiye fundi mwenye diploma?"

"Ndiye mimi, mama. Ya ngozi."

"Meno si ngozi." Akamgeukia mwanawe. "Nestori, fungua."

"Mama, jamani, watu wanaangalia."

"Nimesema fungua."

Akayahesabu kwa kidole, taratibu, kwa sauti, mbele ya klabu nzima. Thelathini na moja. La nyuma lilishang'olewa. "Nakukabidhi thelathini na moja," akaniambia. "Pasaka anapiga tarumbeta, kanisa lote linamtegemea. Likipungua moja, hatarudi hapa, nami nitasimama kanisani nilitaje jina lako."

Nikampa mkono. Nikamwambia kwamba mtoto yuko chini ya uangalizi wa kitaalamu. Mnanijua, sikuishia hapo. Nilimsomea na stashahada.

Wiki mbili kabla ya Pasaka tukaalikwa Kibondo, pambano la mchana kwenye ukumbi wa shule. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemaliza kushona pedi mpya ya kupokelea mateke. Uzi wa nailoni uliniishia nikiwa kwenye mkanda wa kushikia. Bwana Athumani alikuwa nao, hatua nne kutoka kwangu. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimemaliza kumweleza kwamba mtu wa mitumba hawezi kumfundisha mtu wa chuo, na sikuwa tayari kurudi na bakuli. Nikamalizia kwa uzi wa pamba.

Aliuona. Aliuvuta kwa kucha. "Huu ni wa kushonea shuka," akasema. "Ukinywa jasho siku mbili tatu, utakuaibisha."

"Nimehesabu mshono kitaalamu, Bwana Athumani."

"Haya. Mimi sina diploma."

Tukapita njia ya Makere, tukafika Kibondo saa tano. Wa kwanza kupanda alikuwa Fidelis, mwenzake Nestori, kijana mwema mwenye kichwa chepesi. Kinga yake ya meno aliisahau Kasulu. Hakuniambia. Alimwambia Nestori, na Nestori, kwa adabu ya mrija, akaitoa ya kwake mfukoni akampa. Mfuko huo, mtagundua, ulikuwa kwenye bukta ambayo sikuishona mimi.

Fidelis akapigana na akashinda. Kisha malezi mema yakamzidi. Hakutaka kurudisha kitu cha watu kikiwa na mate. Akaenda kwa mama ntilie wa nje, akaomba sufuria, akaichemsha kinga ili kuua wadudu. Si kwa muda wa Baba Yetu. Aliichemsha kama maharage. Alipoileta ilikuwa imejikunja kama ganda la muhogo, akamkabidhi mwenzake kwa mikono miwili na asante.

Nestori alikuwa tayari ameitwa. Mwamuzi akamkagua: glavu sawa, kinga za ugoko sawa, kinga ya meno iko wapi? Nestori akamwonyesha lile ganda. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwamuzi akasema bila kinga hakuna pambano, ushindi apewe yule wa Kibondo. Hapo mpinzani wake, kijana wa Kibondo mwenye shingo ya fahali, akaitema ya kwake kwenye kiganja.

"Kaka, chukua yangu," akamwambia Nestori. "Raundi hii vaa wewe, ijayo navaa mimi. Umetoka mbali, huwezi kurudi bila kupigana."

Naapa hakuwa anatania. Na watu wakampigia makofi kwa ukarimu huo. Kocha Deo akaninong'oneza, "Fundi, ni dakika mbili mbili tu. Avae." Na Nestori, ambaye asingeweza kumkatalia mgeni wala mwenyeji maisha yake yote, akanyoosha mkono.

Niliyaona yale meno thelathini na moja. Niliona kidole cha mama yake kikihesabu, kikifika thelathini.

"Shusha mkono!" nikapiga kelele. "Kinga ya mtu mwingine inalinda meno ya huyo mtu mwingine!"

Nikamwomba mwamuzi dakika tano. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na kinga moja mpya, ambayo nilitembea nayo kwa maonyesho, pamoja na nakala ya stashahada iliyotiwa plastiki. Nikakimbia kwa mama ntilie, akanimiminia maji ya chai. Nikasali Baba Yetu kwa sauti mbele ya umati, mwendo wa kawaida, na mzee mmoja nyuma akaitikia amina. Nestori akauma na kufyonza. Sijaona mtu akifyonza namna ile. Midomo ya tarumbeta! Ilimkaa kama ufizi wa pili. Nikamwambia aachame, arukeruke, apige kelele. Haikusogea.

Ningeishia hapo, mngekuwa mnasoma maandishi ya mtu mwenye meno yake. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, na mimi nikitazamwa huwa siishii hapo. Nikataka kuwaonyesha watu wa Kibondo jinsi kifaa kinavyojaribiwa kitaalamu. Nikachukua pedi yangu mpya, nikaishika mbele ya uso, nikamwambia Nestori, "Piga teke la juu. Kwa nguvu zote. Tuone kama kinga itacheza."

"Fundi, wewe hujavaa kinga."

"Mimi ndiye fundi. Piga!"

Akapiga. Kinga yake haikucheza. Mkanda wa pedi ulikatika kwenye ule mshono wa pamba, pedi ikageuka, na ukingo wake ukanijia mdomoni na uzito wote wa mguu wa Nyakitonto nyuma yake.

Nilipoinuka, Fidelis alikuwa ameshika meno yangu mawili ya mbele kwenye kiganja. Akaniuliza kama ayachemshe.

"Fundi, uko salama?" mwamuzi akaniuliza.

"Niko thawa," nikamjibu.

Nestori alitaka kujitoa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikamsukuma ulingoni kwa mkono wenye damu. Raundi ya pili yule fahali alimpiga teke la mdomo waziwazi, ukumbi wote ukasema aaah, na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua, Nestori alikuwa amesimama, amekunja uso, anafyonza. Alishindwa kwa pointi. Mimi nikahesabu kwamba tumeshinda.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka Nyakitonto mwenyewe, nikiwa nimejifunga leso mdomoni. Mama yake alikuwa anapepeta maharage uani.

"Mwakeye," akatusalimu kwa Kiha, hakungoja jibu. "Nestori, fungua."

Alihesabu kutoka kushoto. Akahesabu tena kutoka kulia. Mimi nilikuwa nimesimama kama mtu anayengoja hukumu, ingawa jibu nilikuwa nalijua.

"Thelathini na moja," akasema, na mabega yake yakashuka. Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, mtaalamu. Toa leso."

Nikaitoa.

"Fungua." Nikafungua. Alihesabu bila haraka. "Ishirini na sita. Kabla yalikuwa mangapi?"

"Thijui, mama."

"Mtu wa diploma hajui meno yake." Akaokota ungo wake. "Wewe sikukuhesabu mwanzo. Hilo kosa langu."

Siku ya Pasaka nilikaa benchi la nyuma, mimi ambaye kanisani huenda kwa mwaliko tu. Nestori alisimama mbele na kupiga tarumbeta mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye kenchi. Mama yake hakuimba. Alikuwa anamtazama mwanawe mdomo. Baada ya ibada aliniletea bakuli la ndizi zilizopondwa laini, kama za mtoto mchanga, akanikabidhi mbele ya wazee wa kanisa. Nilizila zote.

Ile pedi ipo kwenye msumari karibu na dirisha la karakana, mkanda wake unaning'inia. Msiishone. Anayejifunza kazi aanze kwa kuuvuta ule uzi kwa kucha, kama Bwana Athumani alivyouvuta. Uzi wa nailoni ukiisha, mwombeni jirani. Mimi nilirudi kutoka Kibondo nikamwomba, naye alinipa kibiringo kizima, akacheka mpaka akakaa chini. Na mtu asishike pedi bila kuvaa kinga ya meno. Siku ile mimi nilikuwa nimevaa stashahada.

Siku mliyoniaga kulikuwa na hotuba tatu, na Kocha Deo alinipa saa ya ukutani inayochelewa. Nestori alipiga tarumbeta. Sasa anafundisha wengine wanne, na bado anapigana. Watu walipoanza kutawanyika, mama yake alipita katikati ya viti, ameshika fimbo, akasimama mbele yangu. Tangu Kibondo alituhesabu meno kila safari, tukienda na tukirudi, mimi na mwanawe, kwa hiyo sikungoja aniambie. Nikafungua.

Akahesabu kwa kidole, mpaka mwisho.

"Ishirini na sita," akasema. "Yale yale. Haya, sasa unaweza kwenda nyumbani."